Siku moja maishani mwangu: kati ya fimbo na zali

Saa 11 alfajiri

Kabla sijanawa uso nafungua daftari. Jalada lake nimelibadilisha mara mbili, lakini mpangilio wa ndani ni ule ule tangu nianze kulipwa kwa kucheza pool. Safu ya kushoto naandika zali lililoniangukia mimi, safu ya kulia lililomwangukia mwenzangu. Zali ni mpira ulioingia shimo ambalo hakuna aliyelikusudia, au mpira mweupe (ule unaopigwa kwa fimbo) uliogongwa njiani ukaenda kusimama pazuri bila mpigaji kupanga. Pigo zuri haliandikwi humo. Kosa langu pia haliandikwi humo, lina ukurasa wake.

Nilianza kuandika kwa hasira. Miaka ile niliamini kabisa kwamba nina mkosi, na nilitaka ushahidi. Ushahidi ukanigeuka: baada ya miezi michache ya kuandika kwa haki, safu mbili zilikuwa zinakimbizana, leo hii mbele, kesho ile. Kumbe kumbukumbu ndiyo ilikuwa na upendeleo. Zali la mpinzani nilikuwa nakaa nalo wiki tatu, langu nalisahau kabla sijaiweka fimbo mkobani.

Leo nina mechi mbili nikishinda ya kwanza. Mchezo ni wa mipira 9: anayeingiza namba 9 anachukua fremu, yaani duru moja, na wa kwanza kufikisha fremu 9 anashinda mechi.

Saa 1 asubuhi

Mazoezi, peke yangu. Meza ya futi 9, uwanja wake sentimita 254 kwa 127. Mpira una kipenyo cha milimita 57, na shimo la kona la kawaida ya mashindano ni kama milimita 114, yaani ukipanga mipira miwili bega kwa bega inajaza mdomo. Mashindano kadhaa makubwa ya siku hizi yamelibana mpaka kama 102. Wachezaji wenzangu wa rika langu wanalalamika. Mimi nafurahi. Shimo pana humpokea hata aliyepiga ovyo.

Naanza na pigo la kusimamisha: mweupe unagonga, unabaki palepale kama umepigiliwa msumari. Kumi mfululizo. Nikikosea la nane narudi moja. Watu wanaokuja kunitazama wanachoka haraka na kuondoka, na nawaelewa, lakini hapa ndipo kinapotengenezwa kile wanachokiita bahati jioni.

Nieleze kwa hesabu, kwa sababu hesabu hii ilinibadilisha. Chukua mchezaji anayeingiza mipira 90 katika kila 100. Huyo ni hodari, mtaani hana wa kumshinda. Lakini kumaliza meza yenye mipira yote 9 anatakiwa asikosee mara tisa mfululizo, na uwezekano wa hilo ni kama 39 kwa 100. Mwenye 95 anafika 63. Mwenye 98 anafika 83. Sasa kaa jukwaani utazame pigo moja moja: kati ya wa 90 na wa 98 huoni tofauti yoyote, wote wanaingiza. Utakachokiona mwisho wa siku ni kwamba mmoja meza inamkubali na mwingine inamkataa. Utasema nyota ya yule inang'aa. Alichonacho ni mapigo manane ya ziada katika mia, na kila moja la hayo manane amelilipia miaka.

Dakika za mwisho nazitumia kufungua, yaani lile pigo la kwanza la kuitawanya mipira. Hapa sidai kwamba ninamiliki kila kitu. Naweza kuuongoza mpira wa mbele, naweza kuusimamisha mweupe katikati ya meza, lakini mipira tisa ikishaanza kugongana, itakapolala siijui. Na pengo la unene wa karatasi kati ya mipira iliyopangwa linatosha kubadilisha kila kitu, ndiyo maana nainama kuikagua kabla ya kila fremu. Mpinzani akidhani nachelewesha mchezo, ni sawa.

Saa 4 asubuhi

Mechi ya kwanza. Kijana niliyepangiwa sijawahi kucheza naye. Mkono wake umetulia, hana papara, na anafanya kitu ambacho wengi wa umri wake hawakifanyi: kabla ya pigo anatazama mahali mweupe utakaposimama, si shimo. Nikajua kazi ipo.

Fremu ya sita nikamwomba mwamuzi aufute mpira namba 3. Ulikuwa na doa la chaki. Doa likikaa hasa pale mipira miwili inapogusana, inang'ang'aniana kidogo na mpira unaopigwa unatoka nje ya njia yake. Wengi huita huo mkosi. Kitambaa cha mwamuzi kipo kwa ajili hiyo.

Tukafika 8 kwa 8. Fremu ya mwisho kijana akafungua, akaingiza mpira mmoja, akaendelea vizuri mpaka namba 6, akakosea kwa unywele. Nikasafisha 6, 7, 8. Ukabaki namba 9, pigo refu la kona, la kawaida kwangu.

Nikakosea. Niliupiga mzito mno upande mmoja, ukagonga mdomo wa shimo, ukarudi, ukavuka meza nzima, ukagusa ukingo na kudumbukia kona ya upande wa pili. Ukumbi ukalipuka.

Kwenye mchezo wa mipira 9, ukigusa kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyopo mezani, chochote kinachoingia halali kimeingia, shimo lolote. Mchezo wa mipira 10 unakutaka utaje mpira na shimo, ukiingia kwingine zamu yako imekwisha. Kwa hiyo kiasi cha bahati kwenye pool kimewekwa na walioandika sheria, na mimi leo asubuhi nilikuwa upande wa sheria iliyonipa. Nikainua mkono kumwomba radhi, kama desturi ya mchezo inavyotaka. Akanipa mkono, akasema, "Hongera, mzee," akaanza kufungua fimbo yake vipande viwili.

Tisa kwa nane. Safu ya kushoto.

Saa 6 mchana

Nilimkuta ameketi nje ya ukumbi, mkoba magotini. Akaniambia bila kunitazama kwamba haya ndiyo yalikuwa mashindano yake ya mwisho. Alijipa mwaka mmoja, mwaka umeisha.

Hapa niseme jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka kwa miaka mingi.

Nilipokuwa na umri wake nilicheza nusu fainali na rafiki yangu. Alikuwa bora kuliko mimi. Sisemi hivi kwa unyenyekevu. Tulifanya mazoezi pamoja kila siku na nilijua hesabu yetu. Mechi ile nilishinda kwa mpira namba 9 ulioingia kwa namna ileile ya leo asubuhi. Wiki iliyofuata mdhamini akanipa mkataba, kwa sababu jina langu ndilo lililofika fainali. Mkataba ukanipa muda wa kufanya mazoezi ya saa nane kwa siku. Yeye akarudi kwenye kazi yake, akawa anacheza mwisho wa wiki, kisha akaacha. Miaka mitano baadaye kila mtu aliyetuona angesema nimemzidi, na angesema kweli. Kufikia hapo nilikuwa nimemzidi kwa ufundi. Lakini ule ufundi ulinunuliwa na nini?

Kwa hiyo wanaoniuliza kama mafanikio yangu ni bahati au ufundi nawajibu kwamba mezani ni ufundi kwa sehemu kubwa sana, na naweza kuuonyesha. Mlangoni, pale ilipoamuliwa nani apewe nafasi ya kuujenga ufundi huo, ilikuwa bahati ya mtende. Daftari langu halina safu ya zali la namna hiyo, na sijui ningeliandikaje.

Nikamwambia kijana asiondoke leo. Asubiri mpaka usiku nimalize. Akanyamaza. Hakukataa.

Saa 9 alasiri

Kupumzika, na mahojiano mafupi na mtu wa kituo cha redio. Aliniuliza kuhusu Efren Reyes, na hilo swali huwa linaniamsha hata nikiwa nimechoka. Mfilipino yule, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia Cardiff mwaka 1999, alipiga pigo moja mwaka 1995 huko Reno, Marekani, akicheza na Mmarekani Earl Strickland. Mpira aliotakiwa kuugusa ulikuwa umefichwa. Akaupeleka mweupe kwenye kingo mbili, ukachora herufi Z, ukauingiza mpira ule na kusimama pazuri kwa pigo linalofuata. Mtu anayeliona mara ya kwanza anasema huyo alibahatisha. Huyo mtoto alikulia kwenye ukumbi wa bilyadi wa mjomba wake Manila, analala juu ya meza wateja wakishaondoka. Kingo zile alizijua kabla hajajua nchi za jirani. Je, alikuwa na hakika ya kuuingiza? Sidhani kuna binadamu mwenye hakika hiyo. Lakini alijua pembe ya kuukaribia, na hapo zali lina pa kushikia.

Wale wale wawili walikutana Hong Kong mwaka 1996, kufikisha fremu 120, siku tatu, dola 100,000 kwa mshindi peke yake. Reyes akashinda 120 kwa 117. Nilimweleza mwandishi kwa nini urefu ule una maana. Tuseme mimi nakuzidi kiasi kwamba kila fremu nina uwezekano wa 60 kwa 100. Tukicheza fremu moja, una 40 zako kamili. Tukifikisha 3, mimi napanda kuwa 68. Tukifikisha 5, 73. Tukifikisha 9, kama leo, 80. Mechi ikirefuka bahati inakonda. Fremu 237 zimewaacha mabwana wale na tofauti ya tatu, na hiyo inakuonyesha jinsi walivyolingana.

Ila geuza hesabu hiyo upande wa pili. Mwenye 80 kwa kila mechi akitaka kushinda mechi tano mfululizo achukue kombe, anabaki na 33 tu kwa 100. Yaani aliye bora waziwazi ukumbini, mara mbili katika tatu anarudi bila kombe. Nalirudia hili kila ninapopata mtu wa kunisikiliza, kwa sababu nimeona vijana wazuri wakijihukumu kwa kombe moja walilokosa.

Saa 1 usiku

Robo fainali. Fremu ya kumi mpinzani wangu alipata zali zito: alikosea namba 2, ikaigonga namba 5, namba 5 ikaisukuma namba 9 ndani. Watu waliguna kwa niaba yangu. Niliandika kichwani: safu ya kulia, moja.

Tukaenda mpaka 7 kwa 7. Zamu yangu, mipira mitatu mezani, namba 7 ikiwa rahisi kabisa. Nilitakiwa kuuacha mweupe upande wa kushoto wa namba 8. Niliuona mstari, nikauchagua mwendo, halafu mkono ukatoa nguvu kuliko niliyoichagua. Mweupe ukagusa ukingo, ukapita pale nilipopataka kwa upana wa vidole vinne, ukanilazimu kuikata namba 8 nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikakosea. Yeye akamaliza, kisha akafungua fremu iliyofuata na hakunipa nafasi ya kunyanyuka kitini. Tisa kwa saba.

Watu wema walinifuata. "Mzee, ile namba 9 ya fremu ya kumi ndiyo iliyokuua." "Leo bahati haikuwa yako." Asubuhi walewale walinipongeza kwa uzoefu. Nikawashukuru, nikaenda kuandika. Ukurasa wa makosa: fremu ya 15, kutoka 7 kwenda 8, nguvu imezidi.

Saa 4 usiku

Kijana alikuwa bado yupo.

Nikamwomba msimamizi atuachie meza moja. Nikapanga mipira mitatu kama ilivyokuwa, vipande vya karatasi vikiashiria kila mpira ulipokaa, na cha nne mahali mweupe ulipotakiwa kusimama. Nikapiga mara kumi. Saba zilifika. Tatu zikapitiliza, zote kwa upande uleule kama jioni. Kwa hiyo tatu hizo nilikuwa natembea nazo mfukoni tangu asubuhi, nikisubiri nizitoe.

Kijana akachukua fimbo. Ya kwanza ikapungua, ya pili ikazidi, ya tatu ikasimama juu ya karatasi. Alipofika ya kumi alikuwa na sita.

"Sita," akasema, kana kwamba ameonewa.

"Mimi kwa umri wako kwenye pigo hili nilikuwa na nne," nikamwambia, na ni kweli, lipo daftarini. Nikafungua ukurasa nikamwonyesha. Alisoma safu ya kushoto kwa muda mrefu, akakifikia kile kilichoandikwa asubuhi: *namba 9, kona isiyo yake, dhidi ya kijana aliyestahili.*

Akafunga daftari, akaipaka chaki ncha ya fimbo.

"Ipange tena, mzee. Kumi nyingine."

Nikaipanga.