Mama mkwe anauliza kama ni maji yale yale

Tarehe nimeshaipata. Wakwe zangu wa Singida wanashuka Unguja skuli zikifungwa Desemba, na siku ya kuwapeleka kwa mashua kisiwa cha Kwale nimeichagua kwa mwezi wa mbinguni. Mume wangu alitaka Jumamosi ya mwanzo kwa sababu ndiyo siku yake ya mapumziko. Nikamwonesha kwenye kalenda: mwezi utakuwa mpevu, bamvua kubwa, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na siku za bamvua huku kwetu maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa nne ndiyo saa ambayo familia yenye wazee na watoto inakuwa imeshakunywa chai na kufika Fumba, tunakopandia mashua. Watakuta bahari imekimbia, mashua imetia nanga mbali, na baina yao na mashua kuna tope, mawe na miba. Mimi nitapita. Mama mkwe magoti yanamsumbua.

Basi tumeisogeza hadi siku ya tano ya mwezi mwandamo. Asubuhi, baina ya saa moja na saa mbili, maji yatakuwa yamejaa na mashua itasogea karibu. Mchana wa saa saba yatakuwa yamekupwa, fungu la mchanga liko nje, watoto wacheze. Jioni ya saa kumi na moja yanapanda tena, yanaturudisha. Mume wangu ataomba ruhusa kazini. Bahari haiombwi ruhusa.

Mwanzo walitaka kuja Juni, na Juni ndiyo niliyoikataa kwa nguvu zaidi. Juni ni kusi, upepo wa kutoka kusini, nao huingia moja kwa moja kwenye mdomo wa ghuba ya Menai, ambako ndiko tunakopita. Asubuhi pametulia, mtu anasema nini hiki tulichokuwa tukikiogopa, ikifika adhuhuri mawimbi yanapanda na safari ya kurudi inakuwa ya kulowa kichwa hadi miguu. Desemba kaskazi inaanza, nayo hutoka upande wa pili, kwa hiyo kisiwa kizima cha Unguja kinakaa baina yetu na upepo. Wifi yangu aliona picha za kisiwa cha Mnemba akakipenda, akaniuliza kwa nini tusiende huko. Mnemba iko kaskazini-mashariki, mahali ambapo kaskazi inafika kwanza. Kwa watu waliozoea bahari, sawa. Kwa familia ambayo maji makubwa inayoyajua ni ziwa Singidani, nimechagua upande wenye kivuli cha upepo.

Sasa ile simu.

Wifi alikuwa amenipigia kuuliza watoto wabebe nguo gani. Mama alikuwa karibu, nikamsikia akisema, "Muulize mkwe wangu, hayo maji ndiyo yale yaliyoua watu?"

Nilinyamaza kidogo. Jibu jepesi lilikuwa mdomoni: hapana mama, huko ni mbali, huku ni ghuba, pametulia kama karai. Lakini meli ya MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar, karibu na kisiwa cha Chumbe, na Chumbe iko upande huu huu wa magharibi. Mwaka mmoja kabla, Septemba 2011, MV Spice Islander ilikuwa imezama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imepakia watu kupita kiasi. Hakuna nyumba mjini kwetu isiyomjua mtu aliyefiwa. Mama alizisikia habari zile kwenye redio, akiwa Singida, na amezihifadhi miaka yote. Ningemdanganyaje?

Nikasema, "Ndiyo mama, bahari ni moja." Kisha nikamweleza nilivyopanga: kwamba hatutoki kukiwa na upepo, kwamba hakuna mtu wa kuongezwa dakika ya mwisho, kwamba kila mmoja atavaa boya tangu ufukweni na si kulikalia kama mto. Akasema, "Haya, nimesikia." Wanaomjua wanajua kwamba hilo si ndiyo wala si hapana.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri jinsi sisi watu wa pwani tunavyowapokea wageni wa bara baharini. Neno la kwanza tunalowapa ni "usiogope". Tunalisema kwa mapenzi, lakini linamfunga mtu mdomo. Ameshaambiwa asiogope, sasa akiogopa atamwambia nani? Anapanda na hofu yake kimya, na mtu mwenye hofu ya kimya ndiye anayesimama ghafla mashua inapoyumba, au anayemkumbatia mwenzake wakiwa majini. Nawaogopea hao kuliko mtoto anayelia kwa sauti. Anayelia unamwona.

Kwa hiyo nimepanga safari yote kwa kumfikiria yule ambaye hatasema.

Hatasema, kwa mfano, kwamba mashuani hakuna choo. Hili wanaume hawalifikirii kabisa. Mwanamke mtu mzima akishajua hakuna choo, hatakunywa maji tangu asubuhi. Atakaa juani hivyo hivyo, koo limekauka, kichwa kinamuuma, na ukimpa chupa atasema ameshiba. Nimeona watu wakiugua kwa hili na lawama ikatupiwa mawimbi. Nimepanga tupite kwenye choo Fumba kabla ya kupanda, twende Kwale moja kwa moja bila kuzunguka, na nimeshahakikisha mahali pa faragha pa kujisitiri wanawake pale kisiwani. Nitamwambia mama haya yote mimi mwenyewe, tukiwa wawili, kabla ya siku yenyewe.

Hatasema pia kwamba hataki kushikwa mkono na baharia asiyemjua. Atakayempandisha ni mwanawe. Mume wangu ameshajua.

Nahodha nimempata kwa njia ya kukataliwa. Kabla yake nilikuwa nimezungumza na papasi mmoja, dalali wa safari, ambaye kila nililouliza alijibu "hamna shida". Watu ishirini? Wanaingia. Maboya ya watoto? Yatapatikana. Mzee huyu wa Fumba, nilipomwamkia na kumweleza haja yangu, aliniuliza yeye: wangapi hawajui kuogelea? Nikamwambia wageni wote. Watoto wangapi, wazee wangapi? Akahesabu kimoyomoyo, akasema, "Kumi na mbili, pamoja na mimi na kijana wangu. Wa kumi na tatu abaki akatupikie." Bei yake ni kubwa kuliko ya papasi. Nimelipa kianzio siku ile ile.

Alinionesha mashine, na tanga lililokunjwa vizuri chini ya turubai, la kutumia mashine ikifa. Akanieleza atakavyowapanga watu: wazee katikati kuelekea tezi, yaani nyuma, maana omo, mbele ya mashua, hurukaruka na huko ndiko mtu anakolewa bahari upesi, watoto kila mmoja ubavuni kwa mtu mzima wake. Na akasisitiza jambo moja ambalo nitawarudia wageni hadi wachoke: pomboo wakitokea, na Menai wapo, mtu atazame akiwa amekaa. Wote wakikimbilia ubavu mmoja na simu zao, mashua inalala. Kuruka majini kuwafuata pomboo hakumo katika safari hii.

Kichefuchefu kinanipa kazi ndogo kuliko nilivyodhani. Chai ya tangawizi, mkate mkavu, wasile maandazi ya mafuta alfajiri wala wasitoke na njaa, macho yatazame mbali na si kwenye simu. Atakayetaka kidonge akinywe kabla hatujaondoka, kwa sababu ukishaanza kutapika hakikai tumboni. Chakula cha mchana, mbali na samaki wa kupaka, kutakuwa na kuku, maana sitaki mzee wa Singida ashinde na njaa kwa kuiheshimu sahani ya pweza. Yeboyebo za kila mtu, za kukanyagia mawe. Turubai la kivuli, kwa sababu mchanga mweupe unachoma kutoka chini kama jua linavyochoma kutoka juu.

Halafu kuna jambo ambalo mume wangu hakulipenda. Nimekubaliana na nahodha kwamba yeyote akisema turudi, hata kama ni mtoto, tunageuza, na yeye analipwa pesa yake yote. Mume wangu anaona tutaharibu siku ya watu kumi na mbili kwa ajili ya mmoja. Naelewa. Ila najua pia kwamba mtu akijua mlango uko wazi, mara nyingi anatulia na kuendelea. Na akitaka kurudi kwa kweli, basi turudi, tule kuku wetu Fumba chini ya mwembe. Kwa mama nimeandaa zaidi: wifi mmoja amekubali kubaki naye ufukweni endapo asubuhi hiyo ataamua kutokwenda, na nimewaomba wote wasimbembeleze. Kwale kuna mbuyu mkubwa, naye ametoka kwenye nchi ya mibuyu, ningependa auone. Sitamwambia habari za mbuyu hadi awe ameshaamua mwenyewe.

Kilichobaki ni maboya madogo. Nahodha anayo, lakini boya la mtoto likiwa kubwa humvuka kichwani akiingia majini. Unamfunga, unalishika mabegani, unalivuta juu; likipanda hadi masikioni halimfai. Kesho nakwenda Fumba na mtoto wa jirani, umri ule ule wa mdogo wao, tuyajaribu moja moja.