Mkungu Uliofungwa Jani la Sale

Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilishuka kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka kama 30, na sisi tuliosomeshwa kwa kahawa tulizijua habari hizo kabla redio haijazitangaza. Kihambani kwetu, yaani kwenye shamba linaloizunguka nyumba, huko Machame, Kilimanjaro, mibuni ilikuwa imezaa vizuri tu. Lakini ukishalipa dawa na vibarua wa kuchuma, kilichobaki hakikuwa na maana ya kukaa chini kukihesabu. Majirani wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Sisi tuliegemea ndizi. Ndizi ndizo zilizoleta chumvi, sabuni, mafuta ya taa, na sehemu ya ada yangu ya kidato cha pili.

Kwa hiyo Bibi alipofunga jani la sale kwenye mgomba mmoja wa mshare, aina ya ndizi za kupika, nyumba nzima ilijua kuna jambo.

Asiyetoka Uchagani aelewe kwamba sale, mmea wa majani marefu ya kijani, si ua la mapambo. Hupandwa mipakani mwa vihamba, na mtu aliyekukosea akija na jani lake mkononi, kumkatalia msamaha ni jambo zito. Bibi hakuwa amekosana na mtu. Mgomba ulikuwa ndio kwanza umetoa mkungu, ndizi bado nyembamba kama vidole vya mtoto, naye akalizungusha jani lile kwenye shina, akakaza fundo, akatuambia mimi na mama, "Huu ni wa mavuno. Asiuguse mtu." Sijui kama mchungaji angelipenda jani la sale kwenye shughuli ya kanisa. Bibi hakumwuliza.

Sikukuu ya Mavuno ni siku kubwa kwenye sharika zetu za Kilutheri. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, lakini namna watu wetu wanavyoisherehekea siku hiyo, utadhani waliikuta. Kila nyumba inaleta ilichojaliwa: ndizi, mahindi, maharage, kahawa kavu kwenye ndoo, kuku waliofungwa miguu, hata mbuzi anayelia nje wakati wa sala. Baada ya ibada vitu vinanadiwa uwanjani, na fedha zinaingia kwenye kazi ya kanisa.

Mgomba ule ulikuwa nyuma ya banda la ng'ombe, ukila mbolea usiku na mchana, na mkungu wake ulinenepa kuliko yote ya mwaka huo. Wiki chache kabla ya sikukuu akaja mama mmoja mchuuzi, aliyezoea kununua kwetu na kupakia kwenye lori la Dar es Salaam. Akazunguka kihambani, akausimamia.

"Huu nakupa elfu mbili na mia tano, bibi."

"Huo una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi, nikaongee naye?"

Bibi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Nenda kaongee naye! Mimi naongea naye kila asubuhi, bei hajanitajia."

Mchuuzi akapanda hadi elfu tatu. Mama, ambaye kwa Bibi ni mkwe na kwa kawaida hakuwa akimbishia, safari hii alijikaza. Alisema kwa upole kwamba tungeweza kuuza, elfu mbili tukazitia kwenye bahasha ya sadaka, na elfu moja mtoto akanunuliwa madaftari. Mtoto mwenyewe ndiye mimi, na niliona hesabu imenyooka. Bibi hakukasirika. Alimwonyesha mchuuzi mkungu mwingine, mdogo, akamwuzia huo, na zile hela akampa mama kwa ajili ya madaftari.

Jumapili yenyewe niliubeba mimi, kichwani, juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Nilivaa shati langu la shule kwa kuwa ndilo lilikuwa jeupe. Aliyewahi kubeba ndizi mbichi anajua kilichonipata: utomvu ulidondoka kutoka kwenye mkono wa mkungu ukateremka begani, na utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye nguo, hata ungefua kwa jiwe, lile doa la kahawia unalo. Tulipofika mlangoni Bibi akaniambia nitue. Akaupokea mwenyewe. Mwanamke wa umri ule, mgongo umeshapinda, alipita katikati ya kanisa na mkungu mzima huku tarumbeta zikilia, na mzee wa kanisa akakimbia kutandika gunia mbele ya madhabahu ili sakafu isichafuke. Aliuweka, akaugeuza ile sehemu iliyonona itazame mbele, akarudi kukaa akihema. Nilimwangalia usoni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyemwozesha binti.

Somo la siku lilikuwa Wakorintho wa Pili 9. "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Mchungaji alieleza kwamba Paulo alikuwa akichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na shida, na kwamba Wamakedonia walikuwa wametoa, nao walikuwa maskini. Mimi nilikuwa nalihesabu doa.

Kisha mnada. Kama hujawahi kuona yai likinadiwa kanisani, umekosa. Dalali, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliliinua yai moja juu. Mtu akalinunua kwa mia tano, akasema, "Nalirudisha, liuzwe tena." Mwingine akalinunua kwa elfu moja, akalirudisha. Kwaya ikashindana na wazee, kina mama wakashindana na vijana, na yai lile lilipokuja kupata mwenyewe lilikuwa limeingiza elfu nane. Watu walikuwa wamekaa kwenye majani wanafuta machozi kwa kucheka.

Zamu ya ndizi ilipofika, hela zilikuwa zimekwisha mifukoni. Halafu mwaka ule kila mtu alikuwa ameleta ndizi, maana kahawa haikuwa na la kuleta. Mkungu wa Bibi ulinunuliwa na mwalimu mmoja kwa elfu moja na mia mbili. Hakuurudisha.

Njiani nilishindwa kunyamaza. "Bibi, mchuuzi si alitaka kutoa elfu tatu? Kanisa limepata hasara."

"Mimi sikumpelekea Mungu elfu tatu," akasema. "Nilimpelekea mkungu. Amepokea. Akitaka kuuza kwa hasara, ni wake."

Sasa mimi mwenyewe naketi kwenye kamati ya fedha ya usharika, na nakiri kwamba kamati yoyote ingempigia kura mama. Bati halinunuliwi kwa ndizi. Hata Torati inaruhusu: Kumbukumbu la Torati 14 inasema njia ikiwa ndefu mno, mtu ageuze zaka yake kuwa fedha, aende nayo. Lakini Bibi alikuwa anakaa mwendo wa nusu saa. Na miezi yote ile, kila alipokwenda kumkatia ng'ombe majani, alipita pale akalitazama lile jani la sale, akauwekea mgomba nguzo usianguke, akaondoa majani yaliyokauka. Sadaka yake ilianza siku ile alipokaza fundo, na nadhani mnada kwake ulikuwa ni burudani tu ya baada ya ibada. Tunapopanga malengo ya ahadi na kusoma majina ya waliomaliza na wasiomaliza, namkumbuka, na mara nyingine huwa nasema neno kikaoni. Mara nyingi halipiti.

Jioni ile mama alikuwa jikoni na mtori, kwa kuwa yeye alibaki nyumbani na ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Bibi alimsimulia habari za yai kuanzia mia tano hadi elfu nane, akiigiza sauti ya dalali, akisimama pale aliposimama kiongozi wa kwaya, akikaa pale walipokaa wazee. Mama alicheka mpaka akaacha kukoroga.

"Na mkungu je, Mama?"

"Umenunuliwa," akasema Bibi. "Sasa wale vijana, walipoona kina mama wamefika elfu mbili, wakaanza kukopeshana..."