Koti la David Holm

Shangazi alipokuja kunitembelea Stockholm, baridi ilimfungia ndani hadi nikaona nimtoe, hata iwe kwenda sinema tu. Jioni ile walikuwa wakionyesha Körkarlen, filamu bubu ya mwaka 1921. Taa zilipozimwa na mpiga piano akaanza, shangazi akaninong'oneza, "Mtafsiri yuko wapi?" Kwao Temeke alizoea vibanda vya video, mtu na maiki yake. Ikabidi niwe mimi, nikimsomea maandishi ya Kiswidi sikioni.

Katika filamu hiyo, anayekufa wa mwisho kabla ya mwaka kugeuka hubebeshwa kazi ya kuendesha gari la Mauti, akikusanya roho. Zamu inamwangukia David Holm, mlevi aliyemtesa mkewe na watoto. Roho yake inainuka kutoka mwilini na unaona vitu vilivyo nyuma yake. Mpiga picha Julius Jaenzon aliurudisha mkanda ndani ya kamera akapiga tena juu ya ile picha ya kwanza. Mimi hayo ndiyo niliyoyafuata. Shangazi wala hakuyajali.

Yeye ni fundi cherehani, kwa hiyo kilichomkamata ni koti. Akiwa bado hai, David analala kwenye makazi ya Jeshi la Wokovu, na Sista Edit anakesha akimshonea koti lililochakaa. Humo ndimo Edit anamopatia kifua kikuu. Asubuhi David anaitazama ile kazi, kisha anaichanachana mbele ya macho ya Edit huku akicheka.

"Mshenzi!" shangazi akasema, kwa sauti. Mtu wa mbele yetu akageuka.

Baadaye roho ya David inamkuta mkewe akiandaa sumu, yake na ya watoto. David anamsihi mwendesha gari aliyemtangulia azuie, naye anajibiwa kwamba hana nguvu juu ya walio hai. Nilitaka kusoma, shangazi akanibana mkono ninyamaze.

Njiani tulibishana. Yeye aliona David kasamehewa kwa bei ya chee.

"Amelia kidogo mwishoni, basi yameisha? Na yule Sista?"

"Amekufa, shangazi."

"Basi hajalipa kitu, mwanangu."

Nilimtetea: adhabu yake ilikuwa kutazama bila uwezo wa kushika chochote. Hakukubali. Nikamwambia aliyecheza David, Victor Sjöström, ndiye pia aliyeiongoza filamu.

Akasimama kwenye ngazi za stesheni. "Kumbe! Ndiyo maana alijua achane wapi."