Hawa wa boti

Kazi yangu hapa Leicester, Uingereza, ni kea, kuhudumia wazee majumbani kwao. Asubuhi tatu kwa wiki naanzia kwa bibi mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, Uganda. Wajukuu zake wanamwita Ba, nami nikafuata hivyo hivyo. Siku ya kwanza aliponisikia nikiongea na simu alinidaka mkono: "Wewe naongea Swahili?" Tangu hapo dawa, soksi na chai zote zinakwenda kwa Kiswahili chake cha dukani, ambacho nadhani enzi hizo kilitumika zaidi kumwagiza boi kuliko kupiga naye soga. Namsamehe. Chai yake ya tangawizi haina mfano.

Tatizo ni televisheni. Ikionyeshwa boti ya mpira yenye waomba hifadhi wakitokea Ufaransa, inaingia bandari ya Dover, Ba husonya. "Hii watu nakuja tu. Hapana uliza mtu."

Nikamkumbusha yake. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke Uganda. Wapatao 28,000 walikuja Uingereza, na Ba alifikia kwenye kambi ya zamani ya jeshi la anga, Stradishall, akiwa na sari nyepesi na mtoto mgongoni. Akina mama wa kujitolea wakampa koti. Koti hilo hulieleza mpaka vifungo. Ila halmashauri ya mji huu huu wa Leicester ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, kuwasihi wasije: mji umejaa.

"Sisi iko na pasipoti ya Uingereza," akanijibu. Hapo ana hoja, lakini nusu. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya nao walikuwa na pasipoti hizo hizo, na Bunge, ndani ya siku tatu tu, likapitisha sheria ya kuwabana wasiingie.

Kinachonishangaza ni wenye midomo mikubwa ya miaka hii. Priti Patel, waziri wa mambo ya ndani aliyekwenda Kigali Aprili 2022 kutia saini mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, wazazi wake walitoka Uganda. Suella Braverman, aliyeshika wizara hiyo hiyo na kusimama bungeni Oktoba mwaka huo na kuziita boti hizo uvamizi, baba yake alitoka Kenya. Rishi Sunak, aliyekuwa waziri mkuu mwenye kaulimbiu ya "simamisha boti", mama yake alizaliwa Tanganyika. Mpango wenyewe wa Rwanda ulikula pauni milioni 700, wakaenda watu wanne, tena kwa hiari yao. Mwaka 2023 waziri wa uhamiaji Robert Jenrick aliagiza michoro ya katuni ifutwe kwa rangi kwenye kituo cha Kent wanapopokelewa watoto waliofika peke yao, kwa kuwa ilionekana kuwakaribisha mno. Mtu akae ofisini awaze hilo!

Na sisi Wabongo tusijitoe. Tuna neno letu, kujilipua, yaani kuomba hifadhi kwa utambulisho wa uongo, na kila mmoja anamjua aliyejilipua kwa jina la Kisomali au la Kirundi, akapata makaratasi, na leo kwenye sherehe za Muungano ndiye wa kwanza kulalamika kwamba wakimbizi wamezidi. Nyumbani kwetu Kasulu, kuku akipotea tulisema ni wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Nami nimelisema hilo, kwa mdomo huu.

Novemba iliyopita nilimtajia Ba kijana wa Kisudani anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Ametokea El Geneina, Darfur. Haruhusiwi kufanya kazi wakati ombi lake linasubiri. Anakula, anavaa na kupanda basi kwa pauni 49 hivi kwa wiki. Anaendesha baiskeli ya msaada akiwa na kandambili.

"Mama yake iko wapi?"

Nikamwambia hajui.

Ba akanyamaza. Akanituma kabatini, chumba cha nyuma. Koti la marehemu mumewe, la sufu, bado lina harufu ya dawa ya nondo. Viatu je, anavaa namba ngapi? Sikujua, nikapiga simu. Akaongeza thepla, chapati za Kigujarati, zilizofungwa kwenye foili, na onyo: "Sema yeye, usiku weka taa kwa baiskeli."

Jumatatu iliyofuata nilimkuta mbele ya televisheni. Boti nyingine, Dover. Akasonya.

"Huyu yako mtoto mzuri," akasema. "Lakini hii watu ya boti, hapana."

"Ba, na yeye alikuja kwa boti."

Akaniomba nimwongezee sauti.