Waone kwanza, maelezo yatafuata

Ninafundisha wasaidizi wa afya ya akili: walimu wastaafu, wahudumu wa kujitolea, vijana waliomaliza shule juzi. Hawana shahada ya saikolojia, na kwa kazi hii hawaihitaji. Mwaka 1979 Joseph Durlak alipitia tafiti 42 zilizowalinganisha watu kama hao na wataalamu, akakuta matokeo yao mara nyingi yanalingana, na pengine kuwazidi. Kwa hiyo sina shaka kwamba wanaweza. Ninachohangaika nacho ni namna tunavyowaandaa.

Mafunzo mengi huanza na maandishi. Mwanafunzi anakariri maana ya kusikiliza kwa makini, anafaulu mtihani, halafu siku ya kwanza anapokaa na mtu anayelia anamwambia, "Usilie, jikaze, yatapita." Kusikiliza amekusoma. Hajawahi kumwona mtu akisikiliza.

Ndiyo maana siku ya kwanza sigusi ubao. Mwenzangu mzoefu anaketi mbele ya darasa na mtu anayeigiza mteja. Mteja anasema, "Tangu kaka yangu afariki silali. Nikifumba macho namwona." Mshauri hajibu papo hapo. Anainama mbele kidogo, mikono imetulia magotini, daftari halitazami. Kimya kinarefuka mpaka wanaotazama wanaanza kujikunyatakunyata vitini. Ndipo anasema taratibu, "Usiku ndio unaokuelemea zaidi." Basi. Mteja anashusha pumzi na kuanza kusimulia.

Lakini ukiwaambia watu "tazameni" tu, watafuata maneno, na mengine yote yatawapita. Albert Bandura, aliyechunguza sana namna tunavyojifunza kwa kuwatazama wengine, aliweka umakini mwanzo kabisa, kabla ya kumbukumbu, utendaji na motisha. Basi nawagawia kazi: huyu aangalie mkao, yule asikilize kimya kinakaa wapi, mwingine aandike kila swali neno kwa neno. Kisha wanajaribu stadi hiyo moja papo hapo, wakiwa wawili wawili. Allen Ivey na wenzake walikuwa wakifundisha hivi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, stadi moja baada ya nyingine, kwa mfano wa video, mazoezi na mrejesho. Sijaona njia inayoishinda.

Jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: mfano usiwe mkamilifu. Mwaka 1971 Donald Meichenbaum alionyesha kwamba wanaoogopa nyoka walisaidika zaidi kwa kumtazama mtu aliyeanza na hofu akaishinda, kuliko aliyemshika nyoka bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo ninamwomba mwenzangu ateleze makusudi. Anauliza, "Mbona hukutafuta msaada mapema?" Mteja anajikunja. Mshauri anasema, "Samahani, swali langu limekaa kama lawama. Turudi pale ulipokuwa." Nyuso darasani zinalegea. Baadaye, kwenye mazoezi yao, naisikia sentensi hiyohiyo ya kuomba radhi ikitoka midomoni mwao, na ninafurahi kila mara.

Kuna swali ambalo simruhusu mtu akutane na wateja kabla hajaliona likiulizwa na kuliuliza mwenyewe: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa mtu wazo hilo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uko wazi kwamba sivyo. Hata hivyo, kulijua hilo hakuutoi ulimi uliokwama. Inabidi wamsikie mtu akiliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia habari za usingizi, asikwepeshe macho, kisha aulize kama kuna mpango na kama njia ya kuutekeleza iko karibu, ahakikishe mteja habaki peke yake, na amwite msimamizi bila kuchelewa. Wanapolirudia wao, wengine hunong'ona mwanzoni. Tunarudia mpaka sauti itoke.

Tena usiwape mfano mmoja tu. Watazamaji huiga kila kitu, hata ile tabia ya kuitikia "ndiyo, ndiyo" kila baada ya sekunde. Waonyeshe mpole na mchangamfu, mwanamke na mwanamume, na zaidi ya wote mtu anayefanana nao, kwa sababu mtu huiga kwa urahisi yule anayejiona ndani yake. Kundi lijalo litaanza kwa kumtazama msaidizi aliyehitimu katika kundi lililopita; daktari atakuja siku zinazofuata.