Na Hilux ya zamani hadi Natron: uzito, springi na bolti ya senta

Mizani ya malori ya mazao, Arusha, saa moja asubuhi: ekseli ya mbele kilo 930, ya nyuma kilo 1,220. Gari ni Toyota Hilux LN106 ya kabini moja, injini 3L ya dizeli, sentimita za ujazo 2,779, haina tabo wala kompyuta. Ndani mna watu wawili, maji, mafuta, chakula na vifaa vyote vya kulala porini. Pikapu tupu huwa nzito mbele. Hii sasa nyuma imeizidi mbele kwa kilo 290. Nikaziandika nambari kwa chaki ndani ya mlango, nikaondoka hivyohivyo kuelekea Ziwa Natron. Nilipaswa kurudi nyumbani kupunguza.

Gari la umri huu halianzi kutengenezwa kwa kanopi wala taa za juu ya paa. Linaanza na vitu ambavyo hakuna atakayevipiga picha. Hii ilianza na bushi zote za springi, bearingi za magurudumu ya mbele, na sili za nako (kiungo kinachogeuza gurudumu la mbele), ambazo zikichoka oili ya difu huingia kwenye grisi na kuigeuza uji mweusi unaochuruzika ndani ya rimu. Ukafuata mkanda wa taimingi. Kwenye 3L hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na safari imeishia hapo. Rejeta ikafunguliwa na kuzibuliwa, mipira ya maji ikabadilishwa yote, na thamostati ikarudishwa mahali pake, kwa sababu fundi wa zamani aliing'oa akidhani anatibu joto.

Geji ya joto nayo ina hila yake. Sensa hupima maji, haipimi chuma. Mpira ukipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani na mshale unashuka. Dereva anafurahi kwamba gari limepoa, kumbe hedi inapasuka. Kwa hiyo kuna sensa ya pili iliyofungwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi chenyewe, na kengele kabini. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyofunga, na ndicho cha mwisho ningekubali kukitoa.

Tairi zilizokuja na gari zilikuwa 205R16, kipenyo chake kama sentimita 74. Sasa ni 7.50R16 zenye tyubu, karibu sentimita 81, juu ya rimu za pete zilizotoka kwenye Land Cruiser ya zamani yenye nati sita, matundu yanalingana. Watu hupenda tairi pana. Mimi naangalia kitu kimoja: nani ataiziba ikitoboka. Hii ya 7.50 kila kijana wa pancha kaskazini mwa Tanzania anaijua, kwa mitarimbo miwili na nyundo. Faida ya urefu chini ya gari ni nusu tu ya tofauti ya kipenyo, yaani kama sentimita tatu na kitu, usitegemee zaidi. Hasara ni kwamba geji ya mwendo inadanganya kwa karibu asilimia 9 (ikisoma 80, unakwenda kama 87), na gia zote zinakuwa ndefu. Na pete ya rimu ni ya kuheshimiwa: upepo ukijazwa kabla haijakaa vizuri kwenye mfereji wake, inaruka na inaua. Lilaze gurudumu pete ikitazama chini, au lizungushie mnyororo, halafu usimame mbali na mpira wa upepo.

Arusha hadi Makuyuni ni lami, kama kilomita 80, kisha unakata kulia kuelekea Mto wa Mbu. Gia ya tano ilikuwa pambo. Kila kimwinuko narudi ya nne. Usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, na hapo ndipo ile hesabu ya mizani ilipoanza kuonekana. Nyuma kulikuwa na bampa la chuma la kilo 22, tairi la akiba kilo 36, na madumu mawili ya dizeli ya lita 20, kila moja kilo 21 likijaa. Jumla kilo 100, zikining'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli. Gari lina mita 2.85 kati ya ekseli na ekseli. Zidisha, gawanya: kilo 42 zinanyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma haibebi kilo 100 bali 142. Ni pembea ya watoto, na injini ndiye mtoto aliyeinuliwa. Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, nazo zimepunguziwa mzigo unaozishikisha barabara.

Madumu yenyewe hayakuhitajika. Tangi ni lita 65. Kwenye vumbi gari hunywa kama lita 15 kwa kilomita 100, hivyo tangi moja ni zaidi ya kilomita 400, na Mto wa Mbu kuna mafuta. Dumu moja lilitosha kabisa.

Mto wa Mbu lami ikaachwa. Nikashusha upepo: mbele kutoka psi 35 hadi 26, nyuma kutoka 45 hadi 34. Kwenye mchanga laini ningefika 20, lakini kwa tyubu sishuki chini ya 18, kwa sababu tairi huteleza juu ya rimu, inaiburuta tyubu na kukata shingo ya valvu. Habu za mbele, zinazounganisha magurudumu ya mbele na ekseli yake ili 4x4 ifanye kazi, nikazifunga kwa mkono hapohapo na kuziacha hivyo siku zote za porini. Hazidhuru kitu zikifungwa kwenye vumbi; kinachodhuru ni kushuka kuzifunga ukiwa tayari umezama, tope limefika magotini.

Kutoka hapo kupita Selela hadi Engaruka barabara ilikuwa imejikunja kama bati la nyumba. Ukienda taratibu gari linatetemeka hadi meno yanagongana. Ukifika 60 linaelea juu ya vilele na unadhani umepona, ila breki na usukani havishiki tena sawasawa. Nilibaki kwenye 45. Mateso yote hapa yanakwenda kwenye shokapu: oili yake inachemka, inatoa povu, na povu halizuii kitu. Kila baada ya nusu saa nasimama na kuzigusa zote nne kwa mgongo wa kiganja. Ya moto ni nzima, inafanya kazi. Ya baridi imekufa, na mwenzake anabeba kazi yake. Ya nyuma kushoto ilikuwa vuguvugu wakati ya kulia haishikiki. Usiimwagie maji kuipoza. Kivuli na chai vinatosha.

Kabla ya Engaruka kuna makorongo yenye mchanga, makavu wakati wa kiangazi. Nilipotoka kwenye mojawapo gari lilianza kwenda upande, kama mbwa anayekimbia huku akiangalia pembeni. Nikashuka, nikatazama gurudumu la nyuma kushoto ndani ya tao lake. Mbele ya tairi vidole viwili vilipenya kwa shida. Nyuma yake kiganja kizima kiliingia. Maana yake ekseli imehama. Bolti ya senta imekatika.

Springi za gari hili, mbele na nyuma, ni vyuma bapa vilivyopangwa, na bolti moja nyembamba inapita katikati kuvishikilia vikae mahali pake. Kichwa chake huingia kwenye tundu la ekseli. Lakini bolti ya senta haibebi mzigo. Kinachobeba ni yubolti mbili (bolti za umbo la U) zinazokaba springi na ekseli kwa nguvu hadi visisogee hata kidogo. Zikilegea, msukumo wote unahamia kwenye ile bolti nyembamba nayo inakatika kama karoti. Nazo zililegea kwa sababu ya kazi yangu mwenyewe. Miezi miwili nyuma niliongeza chuma kimoja kila upande ili nyuma isilale, na vyuma nilivipaka rangi kwa unene, vipendeze. Rangi kati ya chuma na chuma husagika, mkusanyiko unapungua milimita moja au mbili, na yubolti iliyokuwa imekazwa inabaki inacheza. Springi mpya lazima ikazwe upya baada ya kilomita 500. Mimi nilikuwa nimekwenda zaidi ya 700.

Matengenezo yalichukua saa tatu, na ndani ya begi mlikuwa na kila kitu kwa kuwa hivi ni vitu vya uzito mdogo: bolti mbili za senta, jozi ya yubolti, klempu mbili kubwa. Zuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Inua chesesi kwa jeki ya kwanza hadi springi ilegee, na chini ya miguu ya jeki weka ubao, mchanga haubebi. Jeki ya pili ishikilie ekseli. Fungua shokapu kwa chini, kisha yubolti. Kabla ya kutoa kipande cha bolti kilichobaki, bana vyuma kwa klempu pande zote mbili, vinginevyo vinafunguka kama karata. Kipande kilitoka kwa nyundo na msumari mnene. Ingiza bolti mpya, kaza, kata mkia. Sasa kazi ya kuudhi ni kuisogeza ekseli hadi kichwa cha bolti kiingie tunduni. Tulifunga mkanda wa kukazia mizigo kutoka ekseli hadi mahali pa springi palipo nyuma yake, tukauvuta taratibu, ikaingia kwa mlio mmoja. Yubolti unazikaza kwa msalaba, kidogokidogo, na mkazo wa mwisho unafanywa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Mzee mmoja wa pale aliyekuwa akichunga mbuzi alikaa akitazama kazi yote. Tulipomaliza akasema, "Vijana, lile dude la nyuma ndilo baya," akanyoosha fimbo kwenye bampa.

Kutoka Engaruka nikakaza tena baada ya kilomita 20. Kila nati ilikubali robo ya mzunguko. Nilipofika kijiji cha Ngare Sero, hakuna iliyosogea.

Natron iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana si la kusimuliwa. Friji la lita 40 linakula ampea 4 likizunguka, na kwenye joto lile halipumziki. Betri ya pili ya ampea-saa 100 huitumii zaidi ya nusu yake. Paneli ya wati 100 inarudisha kama ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku nzuri. Nakisi inazibwa na alteneta, ndipo unene wa waya unapohusika. Mwanzoni nilivuta waya wa milimita za mraba 4 hadi nyuma, mita 5 kwenda na 5 kurudi. Kwenye ampea 20 waya huo unapoteza karibu volti 0.9. Alteneta inatoa 14.2, betri inaona 13.3, haijai maisha yake yote, na watu wanalaumu betri. Sasa ni milimita za mraba 16, upotevu ni volti 0.2, na kuna fyuzi kwenye kila ncha, kwa sababu kuna betri kwenye kila ncha.

Kulala ni ndani ya bodi chini ya kanopi, juu ya ubao wa plaiwudi ya milimita 12, godoro la sentimita 10, na chandarua kwenye madirisha. Zamani palikuwa na droo za milimita 18 zenye reli za chuma: kilo 60 kabla hujaweka kijiko. Kreti za plastiki na mikanda zinafanya kazi ileile kwa kilo 8.

Chini ya Ol Doinyo Lengai ardhi ni majivu ya volkano, laini kama unga wa muhogo, na mlima wenyewe ulirusha majivu mengi mwaka 2007 na 2008. Vumbi hili husaga ringi za pistoni kama msasa. Snokeli, bomba linalovuta hewa ya injini kutoka juu, inasaidia ikiwa tu haivuji, na kipimo chake hakihitaji fundi: injini ikiwa inanguruma taratibu, ziba mdomo wa juu kwa kiganja. Injini ikizima, umefunga vizuri. Ikiendelea, inavuta vumbi mahali fulani kwenye viungo. Yangu iliendelea. Klipu moja nyuma ya boksi la chujio ilikuwa imelegea, na ndani ya bomba kidole kilitoka cheupe.

Ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Sonjo niliupanda kwa gia za nguvu (zile fupi za 4x4), ya pili, bila kugusa klachi. Mbele ilikuwa nyepesi kiasi kwamba kwenye kona za mawe usukani ulikatwa na gari likaendelea moja kwa moja. Nilishusha dumu moja lililojaa na tairi la akiba, nikavisukuma hadi ukuta wa kabini ndani ya bodi. Kona iliyofuata gari likatii.

Niliporudi Arusha, bampa lilitoka siku ya kwanza. Tairi la akiba likarudi chini ya chesesi, dumu moja likakaa nyuma ya kabini, la pili likabaki nyumbani. Baada ya hapo nyuma ilikaa juu mno na kurukaruka, kwa hiyo kile chuma cha ziada cha springi nacho kikatoka, kulia na kushoto. Vilivyobaki vilisuguliwa rangi hadi chuma kitupu, vikapakwa grisi, na yubolti zikakazwa siku hiyo, na tena baada ya kilomita 500. Mizani ileile, watu walewale, maji yaleyale: mbele kilo 970, nyuma kilo 1,110.