Mtama wangu: ethefoni imegoma, mfuko umekubali

Hatimaye nina suke la mtama aina ya Macia ambalo chavua yake haikumwagika, na halikuguswa na tone la dawa.

Msimu mzima hapa Tabora nimepambana na ethefoni, dawa ninayoinyunyizia ili kuua chavua ya mmea mama usijichavushe. Nataka chotara: Macia, mfupi, awe mama, na baba awe mtama wetu mrefu wa kienyeji. Kutoa vifuko vya chavua kwa sindano, kiua kimoja kimoja, kunaumiza macho na shingo.

Chavua kufa, inakufa. Ukiitia iodini na kuitazama kwa hadubini, iliyo nzima hugeuka bluu nyeusi. Yangu nyingi ilibaki njano hafifu, imenywea. Kinachonitesa ni suke. Ethefoni ikishaingia kwenye mmea hutoa ethilini, nayo hufupisha shina. Ndiyo maana wakulima wa shayiri Ulaya huinyunyizia ili mimea isilale. Kwangu ilifupisha kikonyo cha suke, likakwama nusu ndani ya jani la mwisho. Nikipunguza dozi, suke linatoka na chavua inapona. Nikichelewa kidogo mtama ukishabeba mimba, yaani suke limevimba ndani ya jani, dawa haifanyi kitu. Tena machipukizi ya shina moja hayabebi mimba pamoja, kwa hiyo dozi ileile inalifaa hili na kuliharibu lile. Inakera mno!

Na bomba la mgongoni halifai kabisa kwa suke mojamoja. Chupa ya kupulizia maji ya saluni inatoa ukungu laini, na unaona dawa inapotua.

Nilipanga kufuatisha jibereli, homoni ya kurefusha mimea, kama wanavyofanya wazalishaji wa mpunga chotara China ili masuke yachomoze. Lakini nikiwa navalisha masuke mifuko ya kaki nikakumbuka mbinu ya plastiki: unyevu ukijaa, vifuko vya chavua hutoka bila kupasuka. Nikapunguza viua vya juu vilivyokwisha kufunguka, nikafunika suke kwa mfuko mwangavu wa mkate. Alfajiri, mfuko ukitiririka maji, vifuko vilikuwa vinaning'inia, vimefumba. Nikaligonga suke kwa kidole, vikadondoka kama pumba. Stigma, sehemu za ua zinazopokea chavua, zilibaki zimechanua, nyeupe, zenye manyoya. Zilipokauka umande nikazipaka chavua ya baba.

Punje zimeanza kujaa. Nyingine huenda mama kajichavusha, ila nikizipanda nitajua: miche itakayorefuka ndiyo chotara. Jibereli isubiri. Wiki hii natafuta mifuko zaidi.